Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kupanga na kupanda mboga kwenye akuaponiki ya nyumbani

Maswali haya ndo yanayorudi kila mara mtu akishaona tenki la samaki lina mchicha juu yake na akatamani la kwake. Nimejibu nikimwaza zaidi mtu wa Dar na ukanda wa pwani mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, manake joto letu na maji yetu yana mambo yake, ila wa mikoa ya baridi nao nimewawekea jibu lao huko chini. Na nimekazia upande wa mboga makusudi, kwa sababu watu wengi wanapanga samaki vizuri sana halafu mboga wanapanda tu chochote kilichopo dukani, na hapo ndo mfumo unapolala.

Hivi akuaponiki ni nini hasa, na ina tofauti gani na hidroponiki?

Samaki anakula, anatoa amonia kwa mashavu na kwenye uchafu wake, pampu inavuta yale maji inayamwaga kwenye kitanda cha kokoto, na kwenye zile kokoto wanaishi bakteria ambao kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti na kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndo chakula cha mboga. Mboga zikishachukua chao maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Kwenye hidroponiki unanunua mbolea ya maji unachanganya kwa vipimo, huku mbolea yako ni chakula cha samaki. Kwa hiyo ukitaka kujua mboga zako zinapata nini kila siku, angalia ni gramu ngapi za chakula umewarushia samaki. Hii sentensi ishike, karibu kila jibu huko mbele linaitegemea.

Nianze na samaki au nianze na mboga?

Anza na daftari. Andika mboga ambazo nyumba yako inakula kwa wiki nzima, mchicha mara ngapi, chainizi mara ngapi, sukuma wiki, matembele, hoho ngapi za kuungia, nyanya kiasi gani. Ukishapata hiyo orodha ndo unajua unahitaji eneo gani la kupanda, eneo ndo linakuambia chakula cha samaki kiasi gani kwa siku, na chakula ndo kinakuambia samaki wangapi. Wengi wanaenda kinyume, wananunua vifaranga 200 kwa sababu bei ilikuwa nzuri, halafu wanaanza kutafuta pa kuweka.

Sasa hiyo hesabu ya eneo na chakula inaendaje?

Kipimo kinachotumika sana, na ndo kipo hata kwenye mwongozo wa FAO wa mwaka 2014 wa akuaponiki ndogo, ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, na gramu 50 hadi 80 kwa mboga za matunda kama nyanya, hoho na bilinganya.

Tuchukue mfano. Una tenki la lita 1000 na vitanda vya mita 3 za mraba, umepanda majani matupu. Unahitaji gramu 120 hadi 150 kwa siku. Samaki aliyeshakua kidogo anakula kama asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wake kwa siku, tukishika 1.5 unapata kilo 8 hadi 10 za samaki ndani ya tenki, yaani sato kama 30 wa gramu 300 hivi. Lita 1000 zinawabeba hao vizuri tu bila kubanana. Kwa nyumbani usipitishe kilo 20 kwa lita 1000 hata kama muuza vifaranga anakuambia inawezekana, inawezekana kwa mtu mwenye mashine za hewa na mtu wa kulinda usiku.

Nimeweka samaki wengi kabisa, mbona mboga zimekuwa za njano na zimedumaa?

Samaki wengi sio sawa na chakula kingi. Hebu piga hesabu ya siku ya kwanza, una vifaranga 40 wa gramu 5 kila mmoja, uzito wote ni gramu 200, hata ukiwalisha asilimia 5 kwa siku hiyo ni gramu 10 tu. Gramu 10 inalisha robo ya mita ya mraba ya mchicha. Wewe umejaza mita 3 na tena umepanda hoho na nyanya! Zitakuwa njano, hakuna namna.

Na hapo usije ukaongeza chakula ili mboga zipone, samaki hawatakimaliza, kitaoza chini, amonia itapanda na utapoteza samaki na mboga pamoja. Dawa ni kupanda kwa kadiri samaki wanavyokua. Mwanzo panda kama theluthi ya eneo, tena majani mepesi, kokoto nyingine ziache wazi maji yapite tu bakteria waendelee kujenga. Samaki wakifika gramu 50 ongeza, wakifika 100 ongeza tena. Anayetaka eneo lote lijae tangu mwanzo basi anunue samaki wakubwa kidogo, sio vifaranga vya ukubwa wa kidole.

Baada ya kujaza maji nisubiri muda gani ndo nipande?

Bakteria wanahitaji muda kujaa. Kwa joto la pwani, maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, ni kama wiki 3 hadi 6. Utaona kwenye vipimo amonia inapanda kwanza, halafu inashuka nitriti inapanda, halafu nitriti nayo inashuka nitrati inatokea. Amonia na nitriti zikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita na nitrati inaonekana, hapo mfumo umeiva. Vipimo vya maji vya kudondoshea matone vinauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, nunua hata kama unaona ni hela nyingi, bila hivyo unabahatisha.

Ukitaka kuharakisha, chukua kokoto ndoo moja kutoka kwa mtu ambaye mfumo wake umekomaa na hauna magonjwa, zimwage kwenye kitanda chako zikiwa bado mbichi. Hazitakiwi kukauka wala kuoshwa kwa maji ya bomba.

Mboga unaweza kuanza kupanda nitrati ikianza kuonekana, majani yanayokua haraka tu. Hoho na nyanya zisubiri miezi 2 hadi 3 mpaka kuna akiba ya madini kwenye maji.

Mboga gani ni nzuri kwa kuanzia?

Kwa pwani, mchicha namba moja. Unapenda joto, unakua haraka, na ndani ya wiki 3 hadi 4 tangu kusia mbegu unavuna. Mbegu unazisia moja kwa moja juu ya kokoto ndogo au kwenye trei, ukivuna kwa kukata juu inachipua tena. Chainizi nayo iko vizuri, spinachi ile ya majani mapana yenye mshipa mweupe ni ngumu kufa na unavuna majani ya chini miezi kadhaa, sukuma wiki hivyo hivyo. Mnavu unakubali. Mrehani unastawi kupita kiasi, yaani unaweza kujaza kitanda kizima, na ukiuotesha karibu na nyanya unapata mboga mbili kwenye eneo moja.

Matembele na mnanaa vinaota kwa fujo, kijiti tu unachomeka kinashika. Lakini mizizi yake inatembea inaingia kwenye bomba na kwenye saifoni (kile kifaa cha kutolea maji kitandani) inaziba, kwa hiyo vipe kontena lao peke yake, maji yapite humo, usichanganye na kitanda kikuu.

Na bamia, nyanya, hoho, bilinganya?

Zote zinawezekana baada ya mfumo kukomaa. Bamia kwa joto letu ndo rahisi kuliko zote, ipe jua la kutosha tu. Bilinganya na nyanya chungu zinavumilia. Pilipili mbuzi inazaa muda mrefu sana ukiitunza, mche mmoja au miwili inatosha nyumba.

Nyanya ndo inayowatesa watu. Inakula potasiamu nyingi, na chakula cha samaki kina potasiamu kidogo, ndo maana unakuta mmea umejaa majani mazuri ya kijani halafu matunda machache na madogo. Weka miche 2 au 3 tu kwa mita ya mraba, funga kamba mapema, punguza machipukizi ya ubavuni, na ongeza potasiamu kama nitakavyoeleza huko chini kwenye swali la majani machanga kuwa njano. Kama umefunika na neti ya wadudu tikisa mashina asubuhi maua yakichanua ili chavua ishuke, na tango nalo kumbuka linahitaji nyuki, ndani ya neti itabidi uchavushe kwa mkono.

Zipi nisihangaike nazo kabisa?

Mihogo na kisamvu, mahindi, viazi, maboga na matikiti yanayotambaa. Karoti kwenye kokoto inapinda na kugawanyika, inalika lakini haina sura. Kunde za majani zinaota, ila kunde zinajitengenezea naitrojeni zenyewe, sasa kuzipa nafasi kwenye mfumo ambao kazi yake ni kuondoa naitrojeni naona ni kupoteza sehemu nzuri, zipande ardhini.

Saladi na giligilani zinanishinda, zinarefuka zinatoa maua kabla sijavuna. Nakosea wapi?

Hukosei, ni joto. Saladi ikipita nyuzi 26 hivi inaanza kurefuka na inakuwa chungu. Pwani ipande kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti au Septemba mwanzoni, chini ya neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, chagua mbegu za aina inayovumilia joto na vuna ikiwa bado changa. Januari na Februari achana nayo, weka mchicha na bamia hapo. Giligilani usiihamishe, sia pale pale itakapokaa, sia kidogo kidogo kila wiki mbili.

Nitumie maji gani? Kisima changu kina chumvi.

Hili kwa Dar ni swali kubwa na lina majibu mawili matatu kutegemea unapoishi.

Maji ya bomba yana klorini, inaua bakteria wako na inaumiza samaki. Yaache kwenye pipa lililo wazi saa 24 hadi 48 ndo uyatumie, ukiweka kimashine cha hewa inatoka haraka zaidi.

Maji ya kisima yenye chumvi ndo yanahitaji akili. Sato anavumilia chumvi kiasi, mboga nyingi hazivumilii. Na kuna kitu watu hawakioni, maji yanapopungua kwa jua na kwa kunywewa na mimea, chumvi inabaki, wewe unaongeza maji mengine yenye chumvi, inabaki tena, baada ya miezi kadhaa maji ya tenki yana chumvi kuliko hata kisima chenyewe. Majani yanaanza kuungua pembeni, yanakuwa kahawia kwenye ncha. Nunua kile kikalamu cha kupimia chumvi, pima kila mwezi uandike. Kama kisima chako ni cha chumvi basi vuna maji ya mvua wakati wa masika na vuli uweke akiba, ndo uongezee kwa hayo, au changanya nusu kwa nusu. Na upande vinavyovumilia, spinachi, mchicha, sukuma wiki, bitiruti.

Kisima chenye chumvi mara nyingi kina pH (kipimo cha asidi na alikali ya maji) ya juu pia, 8 na kitu, na hiyo inazuia mimea kunyonya madini ya chuma. Pia pH ikipanda kutoka 7 kwenda 8 ile sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Unachotafuta ni pH ya 6.5 hadi 7, hapo samaki, bakteria na mboga wote wanaelewana.

Kokoto zozote zinafaa?

Hapana. Kokoto nyeupe za mawe ya matumbawe au chokaa zinayeyuka taratibu zinapandisha pH na hutaiteremsha hata ufanyeje. Chukua kokoto chache, zimwagie siki, zikitoa mapovu achana nazo. Zile ngumu za granaiti kama zinazotoka Lugoba kwa kawaida zinapita, lakini siki ni ya bei rahisi, jaribu kila lori maana mzigo unachanganywa. Ukubwa omba za nusu inchi au robo tatu, osha mpaka maji yatoke meupe.

Kina cha kitanda sentimita 30. Na hapa naomba uwe makini, mita moja ya mraba ya kokoto za kina hicho ni karibu kilo 500, ongeza na maji. Stendi ya mbao za kupigilia misumari haibebi. Tumia matofali, au fundi achomelee chuma kizito, na usiweke juu ya paa au baraza la ghorofa bila mtu anayejua ujenzi kuangalia.

Je, kontena zilizotumika na bomba za chuma?

Tenki la mtumba la lita 1000 lenye fremu ya chuma ni zuri ila uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au sharubati linaoshwa, lililobeba kemikali au dawa za mimea usiguse. Bomba na mabati yaliyopakwa zinki, na koki za shaba, zisigusane na maji ya samaki, zinki na shaba ni sumu kwao. Tumia PVC na plastiki.

Miche naiandaaje? Naweza kununua ya kwenye viriba?

Unaweza, ila lazima udongo wote utoke. Zamisha mzizi kwenye ndoo ya maji, tikisa taratibu mpaka mzizi ubaki mweupe, ndo upande. Udongo unaziba kokoto na unaleta magonjwa ya mnyauko.

Bora uoteshe mwenyewe kwenye trei kwa vumbi la nazi, ambalo pwani hatukosi, lakini lioshe kwanza mara kadhaa kwa maji ya baridi kwa sababu lina chumvi. Mche wa saladi, chainizi au sukuma ukifikisha majani 4 ya kweli, kama wiki 3 hivi, unahamishika. Hamisha jioni jua likishapoa. Chimba kokoto kwa mkono mpaka pale penye unyevu, shusha mzizi uguse maji yanapofika, rudishia kokoto kuzunguka shina ila usifukie moyo wa mche. Siku mbili za kwanza funika na kivuli, utaona majani yamelala kidogo mchana na yanasimama usiku, hiyo ni kawaida.

Sentimita 2 hadi 5 za juu za kokoto ziwe kavu muda wote. Maji yasionekane juu. Ukiona yanafika juu punguza kimo cha bomba la kutolea, manake juu pakilowa unapata ukungu, mwani na mbu, na shina la mboga linaoza.

Nafasi na ratiba ya kupanda ikoje?

Mchicha sentimita 10 hadi 15, saladi na chainizi 20 hadi 25, sukuma wiki na spinachi 30 hadi 40, nyanya, bilinganya na bamia 40 hadi 60.

Ratiba ndo muhimu kuliko nafasi. Usipande kitanda chote siku moja. Gawa mara tatu au nne, kila wiki mbili panda sehemu moja. Ukipanda vyote pamoja utavuna vyote pamoja, utagawia majirani mchicha wiki moja halafu wiki tatu zinazofuata huna kitu, na kibaya zaidi siku ukivuna kitanda chote samaki wanaendelea kuchafua maji na hakuna mmea wa kuyasafisha, nitrati zinajaa. Kwa hiyo kila unapong'oa mche, mche mwingine uwe tayari kwenye trei unasubiri hilo shimo. Siku zote uwe na trei moja ya miche.

Panga na urefu pia. Nyanya na bamia upande wa kusini au kaskazini kulingana na jua la nyumba yako linavyopita, ili zisiifunike chainizi. Au fanya makusudi, zile ndefu ziwe upande wa magharibi zikinge jua la saa tisa lisichome saladi.

Jua kiasi gani?

Mboga za majani zipate jua kwa muda wa saa 4 hadi 6 kwa siku, za matunda muda wa saa 6 hadi 8. Tenki la samaki lenyewe likae kivulini na lifunikwe, jua likiingia kwenye maji mwani unaota, unakula nitrati za mboga zako na usiku unamaliza hewa ya samaki.

Majani machanga yamekuwa njano ila mishipa imebaki kijani, ni nini?

Hiyo ni upungufu wa madini ya chuma, unatokea karibu kwa kila mtu. Angalia ni majani ya wapi, kama ni machanga ya juu ni chuma, kama ni ya zamani ya chini yanayonjanoka yote ni naitrojeni, rudi kwenye hesabu ya chakula. Majani ya zamani yakiungua pembezoni na maji hayana chumvi, mara nyingi ni potasiamu.

Chuma unaongeza cha cheleti (kilichotengenezwa kibaki kimeyeyuka majini) aina ya DTPA, kinafanya kazi pH ikiwa chini ya 7.5. Kiwango ni miligramu 2 za chuma kwa lita, kwa mfumo wa lita 1000 na unga wenye asilimia 11 ya chuma hiyo ni kama gramu 18, yeyusha kwenye ndoo mwaga taratibu. Maji yatakuwa mekundu mekundu siku chache, samaki hawadhuriki. Misumari yenye kutu inayopendekezwa sana mtandaoni haisaidii, kutu haiyeyuki vya kutosha kwenye pH ya 7.

Potasiamu na kalisi zinakuja vizuri kwa njia moja. Bakteria wakifanya kazi pH inashuka yenyewe wiki hadi wiki, ikikaribia 6 bakteria wanalegea, kwa hiyo lazima uipandishe. Ipandishe kwa zamu, wiki hii bikaboneti ya potasiamu, zamu nyingine chokaa laini kidogo sana iliyoyeyushwa kwenye ndoo, hapo umeinua pH na umelisha mimea kwa mkupuo. Usipandishe zaidi ya 0.2 au 0.3 kwa siku, samaki hawapendi kushtukizwa. Maganda ya mayai yaliyosagwa kwenye mfuko wa chandarua nayo yanasaidia kalisi polepole.

Naweza kuongeza samadi ya kuku au sungura ili mboga zikue?

Hapana. Inaleta vimelea vya kuharisha kwenye majani mnayokula mabichi, na inamaliza hewa ya samaki. Kuku, bata na mbwa wasifike kwenye kitanda kabisa, na osha mikono kwa sabuni kisha suuza sana kabla ya kuingiza kwenye maji.

Wadudu nawapigaje na kuna samaki chini?

Dawa za dukani za kunyunyizia sahau. Na usidhani ya asili ni salama, pareto inaua samaki upesi mno, sabuni inaumiza mashavu yao, hata mwarobaini mwingi ukidondokea kwenye maji una madhara.

Vidukari, wale wadudu mafuta wanaojaa chini ya majani ya sukuma na bamia, wapige kwa maji ya presha asubuhi siku tatu mfululizo, jani lililozidiwa litoe. Inzi weupe tumia kadi za njano zenye gundi. Viwavi kusanya kwa mkono jioni, wengine wape samaki, wanawafurahia. Kwa viwavi wengi kuna dawa ya bakteria aina ya Bt, hiyo haidhuru samaki. Kantangaze, yule kiwavi anayechimba njia ndani ya majani ya nyanya, kinga yake ni neti yenye matundu madogo tangu siku ya kupanda, na kutoa kila jani lenye michoro ya njia ulichome au ulifunge kwenye mfuko mweusi juani. Ikishaenea ng'oa nyanya zote, badilisha upande majani kwa miezi miwili mitatu. Inauma lakini ndo inayofanya kazi.

Sato au kambale?

Sato ana soko na ladha, anakula vizuri, tafuta vifaranga madume watupu maana wakichanganyika wanazaliana mpaka tenki linajaa vidogo visivyokua. Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo umeme ukikatika yeye anapona, kwa eneo lenye umeme wa shida mi napendekeza kambale. Shida yake anakula wenzake, watenganishe kwa ukubwa.

Umeme ukikatika?

Mboga kwenye kokoto zinakaa hata siku nzima, unamwagia kwa ndoo mara mbili. Samaki ndo hawasubiri. Kwa kilo chache kwenye lita 1000 una saa kadhaa, ukiona wanakuja juu wanafungua midomo chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu, rudia rudia, na usiwalishe. Kimashine cha hewa cha betri ni bei ndogo kuliko hasara ya usiku mmoja. Waliolima kwenye bodi zinazoelea au bomba za PVC wana hatari zaidi, bomba zikikauka mizizi inakufa ndani ya saa chache juani, ndo maana kwa nyumbani nasema kokoto kwanza.

Pampu ya ukubwa gani na inakula umeme kiasi gani?

Izungushe maji yote ya tenki angalau mara moja kwa saa, na uangalie uwezo wake kwenye kimo cha kitanda chako, sio ile namba kubwa ya kwenye boksi ambayo ni ya kimo sifuri. Pampu ya wati 40 ikiwaka muda wote ni karibu uniti 29 kwa mwezi.

Mvua za masika zinaharibu?

Tenki lifunikwe na liwe na tundu la kutolea maji yanayozidi, lenye chandarua samaki wasitoke. Mvua nyingi inapunguza madini na inashusha pH, pima baada ya kila mvua kubwa.

Nipo Njombe au Lushoto, itafanya kazi?

Mboga zitakufurahisha kuliko sisi wa pwani, saladi, kabichi, brokoli, giligilani, zote zinapenda hiyo baridi. Tatizo ni samaki, sato chini ya nyuzi 17 anaacha kula, na asipokula mboga hazina mbolea. Weka tenki ndani ya banda la plastiki, lifukie nusu ardhini, lizungushie maranda, na Juni mpaka Agosti punguza eneo la kupanda kwa sababu chakula kitakuwa kidogo. Bakteria nao baridi inawachelewesha, ule muda wa kuivisha mfumo hesabu hata mara mbili.

Inalipa?

Kama biashara ya kuuza mchicha, kwa ukubwa wa nyumbani hapana, mchicha wa bondeni ni rahisi sana sokoni. Inalipa kwa kujua maji yaliyomwagilia mboga yako yametoka wapi, kwa samaki wachache kila mwezi, na kwa mtu ambaye uwanja wake ni zege au mchanga wa chumvi usioota kitu. Ukiuza, uza mrehani, mnanaa na saladi kwa mama lishe na migahawa ya jirani, hivyo vina bei.

Nikisafiri wiki moja nifanyeje?

Samaki wakubwa wanakaa siku kadhaa bila kula, hatari kubwa ni maji kupungua mpaka pampu inavuta hewa na kuungua. Mwachie jirani kazi moja, kujazia maji yaliyokaa kwenye pipa mpaka kwenye alama uliyochora kwenye tenki. Kama lazima awalishe, pima chakula cha kila siku ufunge kwenye vifuko vidogo uandike siku, maana mgeni akiona samaki wanakimbilia juu anawaonea huruma anamwaga kopo zima. Na umruhusu avune mchicha, ukiachwa wiki nzima kwenye joto unakomaa unatoa mbegu.